Simu Inanituliza, Simu Hiyohiyo Inanikosesha Usingizi

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mhasibu mwandamizi katika kampuni ambayo sitaitaja, na ninasimamia idara ndogo yenye watu sita, nami nikiwemo. Miaka miwili iliyopita tulikuwa wanane. Wawili waliondoka mmoja baada ya mwingine, nafasi zao hazikujazwa, na kazi zao tukagawiwa sisi tuliobaki kwa maelezo kwamba ni kwa muda tu. Muda huo haujaisha hadi leo.

Naipenda kazi yangu, na sikuandikii ili nilalamike kuhusu wingi wake. Ninachotaka kukueleza kinahusu simu yangu.

Mwaka jana nilianza kusikia moyo ukinienda mbio kila asubuhi kabla ya kufungua barua pepe. Rafiki yangu mmoja akanionyesha programu ya mazoezi ya kupumua. Ni rahisi sana: kuna duara la bluu kwenye kioo, likitanuka unavuta pumzi, likisinyaa unaitoa. Niliijaribu siku moja nikiwa nimejifungia chooni kazini, nimekaa juu ya kifuniko, simu nimeishika kwa mikono miwili, na baada ya dakika tano nilitoka nikiwa mtu mwingine. Tangu hapo sijaiacha. Programu hiyo huhesabu siku ulizofanya mazoezi bila kukatisha, na leo ninapokuandikia nimefikisha siku 143.

Ingeishia hapo nisingekuandikia. Baada ya hiyo nikaongeza programu ya sauti za mvua kwa ajili ya usingizi, kisha nyingine ya kuandika hisia zangu kila jioni. Mume wangu naye akaninunulia saa janja inayopima mapigo ya moyo na kunipa alama za usingizi kila asubuhi. Sasa nikiamka najihisi nimepumzika vizuri, saa ikaniambia nimepata alama 61, papo hapo nahisi uchovu. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao na wakaguzi, saa ikatetemeka na kuandika kwamba inaonekana nina msongo, hivyo nivute pumzi. Mkaguzi aliyekaa karibu nami aliisoma kabla yangu.

Usiku ndio mgumu zaidi. Nikishtuka saa tisa usiku nachukua simu ili nifungue lile duara, na kabla sijalifikia naona ujumbe wa meneja katika kundi letu la kazi. Siku moja nilikuwa tayari katikati ya zoezi, nimefumba macho nusu, ujumbe ukashuka kutoka juu ya kioo: "Ile faili iko wapi?" Chini yake duara liliendelea kutanuka na kusinyaa. Nilinyanyuka nikaenda kuitafuta ile faili.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Miezi saba iliyopita kampuni yetu ilileta programu yake ya ustawi wa wafanyakazi, na kila mmoja alitakiwa kuiweka kwenye simu. Kila Ijumaa saa tisa alasiri inatuuliza wiki yetu ilikuwaje, nasi tunachagua uso mmoja kati ya nyuso tano, kuanzia ule unaolia hadi ule unaocheka. Mimi huchagua wa nne kila wiki. Hata ile wiki niliyolia ndani ya gari kabla ya kuingia ofisini nilichagua wa nne. Mimi ni msimamizi, na niliogopa kuonekana siwezi kazi.

Katika idara yangu kuna binti ambaye namchukulia kama mdogo wangu. Aliwahi kuniuliza, "Dada, wewe unawezaje? Mbona huonekani kuchoka?" Nikamwonyesha duara la bluu, nikamwambia apumue. Wiki tatu zilizopita alikwenda kwa meneja kuomba apunguziwe sehemu ya kazi, kwa sababu anafanya usuluhishi wa hesabu za benki wa watu wawili. Meneja alimfungulia kompyuta na kumwonyesha chati: idara yetu inaongoza kampuni nzima kwa ustawi kwa mwezi wa tatu mfululizo. Binti alirudi mezani kwake, akaketi, akaniambia neno moja tu: "Dada, kumbe sote tuna furaha." Tangu siku hiyo ananijibu yale yanayohusu kazi tu.

Mume wangu anasema ugonjwa wangu ni simu, nifute kila kitu na usiku niiache sebuleni. Lakini nikifuta, nitashika nini moyo ukianza kwenda mbio? Nikianza kuchagua uso wa kweli, je, sitajiharibia kazi? Tena najiuliza: kama nimepumua siku 143 na bado naamka saa tisa usiku, huenda sijui kutulia. Naomba unisaidie kufikiri.

Ni mimi,
Mwenye Uso wa Nne


JIBU LA MSHAURI

Mpendwa Mwenye Uso wa Nne,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesita kwenye maneno ya yule mdogo wako: "Dada, kumbe sote tuna furaha." Sidhani kama ungeniandikia bila maneno hayo. Saa, alama za usingizi na ujumbe wa usiku ungeweza kuvivumilia mwaka mwingine mzima, kwa jinsi ninavyokusoma. Lakini kuona kimya chako kikitumika kumnyima mwenzako nafuu ni jambo ambalo mtu mwenye moyo kama wako hawezi kulivumilia kwa kuhesabu pumzi.

Umeniuliza kana kwamba swali ni moja, yaani uendelee na programu hizi au uzifute. Kwangu naona mambo matatu ambayo yamekutana ndani ya kifaa kimoja na kwa sababu hiyo yanaonekana kama jambo moja. Kuna mwili wako, ambao asubuhi na usiku unapiga kelele. Kuna simu, ambayo imekuwa dawa na mlango wa kazi kwa wakati mmoja. Na kuna uso wa nne, ambao ulidhani ni siri yako ukagundua ni takwimu ya meneja. Niruhusu niyatenganishe, kwa sababu linalofaa kwa moja laweza kudhuru jingine.

Nianze na pale uliposema huenda hujui kutulia, kwa maana ndipo ninapotofautiana nawe zaidi. Zoezi unalolifanya linafanya kazi, na wewe mwenyewe umethibitisha: uliingia chooni ukiwa katika hali moja ukatoka ukiwa katika nyingine. Mtu akipumua polepole, tuseme mara sita hivi kwa dakika, mapigo ya moyo hupungua kila anapotoa pumzi, na mwili hupata ishara kwamba hatari imepita. Hiyo ni kazi halali ya mwili. Lakini ishara hiyo inatumwa katika mwili wa mtu anayerudi mezani na kukuta kazi ya watu wanane imewekwa mbele ya watu sita. Kengele iliyozimwa saa nne inalia tena saa tano, wala si kwa sababu uliizima vibaya. Umepumua siku 143. Je, katika siku hizo kuna hata moja ambayo kazi iliyo mezani ilipungua?

Mwaka 1979 mtafiti aitwaye Robert Karasek alieleza kwamba kazi inayomdhoofisha mtu zaidi ni ile inayomdai mengi huku ikimpa uwezo mdogo wa kuamua lini na jinsi gani ayafanye. Nilimkumbuka niliposoma kuhusu ile faili. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuelezea uchovu wa kazi uliopita kiasi kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haujashughulikiwa ipasavyo, na halikuuita ugonjwa. Unatambulika kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa moyo mzito au kejeli, na kuhisi kwamba kazi yako haina tija tena. Sisemi kwamba wewe umefikia hapo. Ila nakuomba ulisome lile neno la mdogo wako ukiwa na hilo la pili akilini.

Kuna utafiti ambao wengi waliufurahia na wengi waliukasirikia, uliochapishwa mwaka 2024 na William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford. Aliangalia majibu ya wafanyakazi 46,336 kutoka mashirika 233 ya Uingereza, akawalinganisha waliotumia huduma za ustawi zinazomlenga mtu binafsi, zikiwemo programu za simu na mafunzo ya kukabili msongo, na wale ambao hawakuzitumia. Kwa karibu huduma zote, waliozitumia hawakuwa na hali bora kuliko wenzao. Utafiti huo ulichukua picha ya wakati mmoja, haukuwafuatilia watu kwa miaka, kwa hiyo usiuchukue kama hukumu juu ya duara lako la bluu. Nauleta kwa sababu moja: unapoona umepumua kwa bidii na bado hali haijabadilika, una wenzako maelfu, na kosa si lazima liwe ndani yako.

Nina neno pia kuhusu saa na hesabu ya siku. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti kilichapisha takwimu za matumizi ya programu za afya ya akili, na ilionekana kwamba katika programu ya kawaida, siku 15 baada ya kuipakua, ni kama watu wanne tu kati ya mia waliokuwa bado wanaifungua. Wewe umefika siku 143. Mtu mwenye uvumilivu wa namna hiyo, akipewa kitu chochote chenye alama, atakigeuza kazi ya kuwasilishwa kwa wakati. Sikulaumu, huo ndio umakini uliokufanya uwe mhasibu mzuri. Lakini jiulize: ile siku ya 97 au ya 120, ulipofungua programu usiku wa manane ili usipoteze hesabu, ulikuwa unatulia, au ulikuwa unafunga hesabu za mwezi? Kuhusu usingizi, mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa ambao usingizi wao ulizidi kuharibika kwa sababu ya kuhangaikia alama za vifaa vyao, hata wakawa wanaviamini vifaa kuliko miili yao. Wewe unaamka umepumzika, saa inakukanusha, na unaiamini saa. Vifaa hivi vya mkononi hukisia usingizi kwa kutumia mienendo ya mwili na mapigo ya moyo. Havisomi ubongo kama vinavyofanya vipimo vya hospitali.

Mume wako, basi, ana sehemu ya ukweli, ingawa nadhani amelikata kwa panga jambo ambalo lingetosha kufunguliwa fundo. Mnaweza kujaribu kuiacha simu sebuleni bila kufuta chochote, na kuweka saa ya mezani ya kawaida kwa ajili ya kuamka. Umeniuliza utashika nini moyo ukianza kwenda mbio. Dada yangu, baada ya siku 143 duara hilo limeshahamia kichwani mwako. Hesabu polepole hadi tano ukivuta, hadi tano ukitoa, macho yakiwa yamefumbwa, na weka mkono tumboni ili usikie unavyopanda na kushuka. Usiku wa kwanza utahisi kama umepoteza kitu. Hilo ni la kawaida na linapungua.

Hata hivyo sitaki kukuficha hatari yake. Meneja anayeuliza faili usiku amezoea kujibiwa usiku, na kimya cha ghafla anaweza kukisoma vibaya. Wapo wanaoanza kwa kumwarifu kwa upole, kwa mfano kwamba kuanzia wiki fulani ujumbe utakaoingia baada ya saa tatu usiku utajibiwa saa mbili asubuhi, na kwamba jambo la dharura la kweli apige simu. Wengine huzima arifa za kundi la kazi peke yake bila kutangaza, kisha wakaona kama kuna aliyegundua. Ufaransa imekuwa na sheria tangu Januari 2017 inayoyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kujitenga na vifaa vya kazi nje ya muda wa kazi. Pengine huko uliko hakuna sheria kama hiyo, na meneja wako huenda hajawahi kuisikia, lakini wewe ujue kwamba kutaka kulala bila kuulizwa faili si uvivu wala si deko.

Sasa tufike Ijumaa saa tisa alasiri.

Unauona uso wa nne kuwa uongo, nami sina haraka ya kukubaliana nawe. Mtu anayeulizwa hali yake na aliyemwajiri, kwa chombo asichojua kinasomwa na nani, ana haki ya kujilinda. Ulipouchagua mara ya kwanza ulikuwa unajikinga. Kilichobadilika ni kwamba sasa unajua ule uso unakwenda wapi, na kujua huko ndiko kunakokukosesha raha. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama uwe mkweli, ningependa ujiulize: mkweli kwa nani?

Fanya hesabu hii, kwa kuwa ni ya fani yako. Mko sita. Wote mkichagua uso wa nne, wastani wa idara ni 4. Ijumaa moja wewe peke yako ukachagua wa kwanza, wastani unashuka hadi 3.5, na meneja anayewafahamu nyote hatahitaji mpiga ramli kumwambia ni nani. Katika kundi dogo kiasi hicho, neno "bila majina" lina maana ndogo sana. Kabla hujabadilisha jibu lako unaweza kuuliza idara ya rasilimali watu, kwa maandishi na kwa sauti ya kawaida ya msimamizi anayetaka kuwaeleza watu wake: nani anaona majibu, anaona ya mtu mmoja mmoja au ya kundi, kundi lazima liwe na watu wangapi ndipo chati itolewe, majibu yanahifadhiwa kwa muda gani, na je, yanaweza kutumika katika tathmini ya utendaji? Jibu lolote litakusaidia, hata jibu la kukwepa.

Tahadhari hiyohiyo iende hadi kwenye programu unayoandikia hisia zako kila jioni, ambayo nadhani hujaifikiria. Mwaka 2022 shirika la Mozilla lilichunguza programu 32 za afya ya akili na za sala, na 28 kati yake zilipewa alama ya onyo kuhusu faragha. Mwaka uliofuata Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka huduma ya ushauri wa mtandaoni ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za watumiaji wake kwa makampuni ya matangazo, wakiwa wameahidiwa kwamba zitabaki siri. Daftari la karatasi lililofungiwa kwenye droo halina tatizo hilo, japo halikumbushi saa ikifika.

Ukishapata majibu ya rasilimali watu, njia ziko kadhaa na hakuna hata moja isiyo na mwiba. Unaweza kuendelea na uso wa nne, ukabaki salama kwa nje, lakini umeshaniambia gharama yake ndani. Unaweza kuacha kujibu kabisa, iwapo kujibu si lazima. Hutakuwa umeongeza tofali kwenye ile chati, ingawa pengo nalo huonekana. Unaweza kujibu kwa ukweli peke yako, ukikumbuka ile hesabu ya 3.5. Au mnaweza, kama idara, kuzungumza na kukubaliana kwamba kila mtu atajibu kama anavyojisikia. Hapo hakuna anayejitokeza peke yake, lakini wewe kama msimamizi ukiongoza mazungumzo hayo, mtu anaweza kusema umewachochea. Wewe ndiye unayemjua meneja wako, mimi simjui.

Kuna njia nyingine inayopita nje ya simu kabisa. Alichofanya mdogo wako kilikuwa sahihi, ila alikwenda na hisia dhidi ya chati, na chati ilimshinda. Wewe una uwezo wa kwenda na jedwali. Katika ufungaji ujao wa mwezi andika tu, bila maoni: kazi gani zilikuwa za wale wawili walioondoka, nani anazifanya sasa, saa ngapi zilitumika, makosa mangapi yalirudiwa kusahihishwa. Hesabu pia jumla ya saa zenu kwa wiki. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi na asilimia 17 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo. Ikiwa mmefika huko, mazungumzo si ya furaha tena. Meneja anaweza kusema hana bajeti. Huenda ni kweli hana, na hapo mnaweza kuulizana ni kazi gani isubiri, ripoti ipi haisomwi na mtu, tarehe ipi inaweza kusogezwa. Anaweza pia kukasirika, na hilo ulipime na hali ya kazi yako na ya nyumbani kabla ya kuomba miadi.

Nimemwacha mdogo wako mwisho kwa sababu naye ndiye aliyenifanya nisome barua mara tatu. Unadhani amekasirika. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anaamini kweli wewe huchoki, na kwamba yeye peke yake katika chumba kile ndiye dhaifu, na fikra hiyo ni nzito kuliko hasira. Ukimwambia kuhusu uso wa nne unajiweka mikononi mwake, naye ni mtu wa chini yako kikazi ambaye hajaomba kubeba siri ya msimamizi wake. Ukikaa kimya, anaendelea kujilinganisha na mtu ambaye hayupo. Kati ya hapo pana nafasi ya maneno machache, yasiyomtwika mzigo: kwamba nawe umechoka, kwamba duara la bluu linakusaidia kwa dakika tano tu, na kwamba ombi lake lilikuwa la haki. Huhitaji kumwambia ulilia ndani ya gari. Ukiona inafaa, utajua mwenyewe.

Jambo moja nitalisema bila kuzungusha. Ukiona usingizi unakatika karibu kila usiku kwa wiki kadhaa, hamu ya mambo uliyoyapenda imepotea, kifua kinakubana, au mawazo ya kwamba ni bora usingekuwepo yanakupitia, hapo nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha ana kwa ana. Programu yoyote nzuri itakuambia vivyo hivyo. Mawazo ya kutokuwepo yasisubiri miadi. Mwambie mume wako siku hiyohiyo na mwende hospitali pamoja. Moyo kwenda mbio nao unastahili kupimwa walau mara moja, tusije tukauita msongo kumbe ni jambo lenye tiba nyepesi.

Sijakuambia ufute au ubakize, nawe umeona. Ukiniuliza ningeanzia wapi ningekuwa mimi, ningeanzia na simu sebuleni na ile barua fupi ya maswali kwa rasilimali watu, kwa kuwa yote mawili yanaweza kurudishwa nyuma bila hasara. Mazungumzo na meneja yanahitaji jedwali, na jedwali linahitaji mwezi mmoja.

Niandikie tena baada ya kufunga hesabu za mwezi ujao. Nitapenda kujua rasilimali watu walijibu nini, na mdogo wako alikuangalia vipi ulipomwambia umechoka.

Wako,
Mshauri